Mtu Aliyepimwa: Binadamu wa Kisasa katika Fasihi ya Kimodanisti

Haya ni maandishi kamili ya hotuba iliyotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa fasihi. Yamewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, ndugu wapenzi wa vitabu, hamjambo.

Nianze na swali. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani fasihi ya kimodanisti, yaani ile iliyovunja kanuni za kale za kusimulia, inamchoraje binadamu wa kisasa, huandika nini? Huandika kwamba ni mpweke, amekata tamaa, ametengwa na jamii, haoni maana ya maisha. Anapata alama zake na mambo yanaishia hapo. Je, amesema uongo? Hapana. Lakini maneno hayo hayo angeweza kuyasema juu ya Nabii Ayubu, au juu ya yatima yeyote wa kwenye ngano. Upweke haukuzaliwa mwaka 1890. Upweke ni wa zamani kama usiku.

Ni nini basi kilichokuwa kipya? Rai yangu ni hii, na nitaitetea hadi mwisho: kipya kilikuwa ni mtu anayepimwa. Anapimwa kwa saa. Anapimwa kwa daftari la hesabu. Anapimwa kwa faili, kwa mizani ya daktari, kwa idadi ya siku alizougua. Wanamodanisti walimtazama mtu huyo wakauliza: vipimo vyote vikishakamilika, kinabaki nini ambacho hakikuingia katika kipimo? Ninaamini kila walichokibuni katika ufundi wa kusimulia kinatokana na swali hilo.

Tunazungumzia miaka ya 1890 hadi 1940 hivi, Ulaya na Marekani. Reli imeshalazimisha miji ifuate saa moja. Mwaka 1884 mkutano uliofanyika Washington uliichagua Greenwich kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu saa za dunia. Miji imejaa ofisi na ofisi zimejaa makarani. Mwaka 1890 mwanasaikolojia Mmarekani William James anaandika kwamba fahamu haiji vipande vipande, bali hutiririka. Miaka kumi baadaye Sigmund Freud, kule Vienna, anadai kwamba ndoto zetu zinajua mambo tunayojificha sisi wenyewe. Kisha inakuja vita ya 1914. Hayo mnayajua, kwa hiyo twende kwa watu wenyewe.

Mtu wa kwanza ni Gregor Samsa.

Katika hadithi ya Franz Kafka iliyochapishwa mwaka 1915, ijulikanayo kwa Kiingereza kama The Metamorphosis, Gregor anaamka asubuhi akajikuta amegeuka mdudu mkubwa wa kutisha. Kwa nini? Kafka hasemi. Katika ngano zetu mtu akigeuka nyoka au ndege, kuna mwiko uliovunjwa, kuna mchawi, kuna mganga atakayefumbua jambo. Kwa Kafka hakuna laana wala mchawi. Hakuna hata mhusika mmoja anayeuliza sababu.

Sasa naomba mtazame Gregor anawaza nini. Mtu amelala chali, miguu myembamba inapepesuka mbele ya macho yake, naye anatazama saa. Kengele ilitegwa ilie saa kumi alfajiri. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Treni yake iliondoka saa kumi na moja, na nyingine itaondoka saa moja. Anapiga hesabu kama ataiwahi! Anafikiria kusema kwamba anaumwa, lakini itatiliwa shaka, maana ameitumikia kampuni miaka 5 bila kuugua hata siku moja. Wazazi wake wana deni kwa bosi, na atahitaji miaka mingine 5 au 6 kulimaliza. Saa moja haijapita sana, karani mkuu mwenyewe yuko mlangoni, amekuja kuuliza kwa nini Gregor amekosa treni.

Mnaona ilivyopangwa? Mwili umegeuka, lakini akili bado iko kazini. Jambo la kutisha katika hadithi hii si yule mdudu. La kutisha ni kwamba mtu anapoteza umbo la kibinadamu na wasiwasi wake wa kwanza ni ratiba. Tena Kafka alimwandikia mchapishaji wake akisihi kwamba yule mdudu asichorwe kwenye jalada, hata kwa mbali. Alijua picha ingewafanya wasomaji wamtazame mdudu wakaisahau saa.

Na Kafka aliijua ofisi. Kuanzia 1908 hadi 1922 alifanya kazi Prague katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi. Yapo maandishi yake ya kikazi kuhusu mashine za kurandia mbao. Alieleza kwamba mhimili wa pembe nne unaacha pengo kati ya visu na meza, vidole vinaingia mle na kukatwa, ilhali mhimili wa mviringo unavificha visu na kulipunguza pengo. Kazi yake ilikuwa kushughulikia miili ya watu iliyogeuzwa madai na viwango vya bima. Ndiyo maana lugha yake ni kavu na safi kama ripoti. Anayesema Kafka anaandika ndoto hajayatazama maandishi yake vizuri. Kafka anaandika taarifa. Josef K., katika riwaya yake The Trial iliyotoka 1925 baada ya mwandishi kufariki, ni ofisa wa benki anayekamatwa asubuhi ya siku anayotimiza miaka 30, na anauawa mkesha wa kutimiza 31. Mwaka mzima faili lake lipo, linatembea, linafanyiwa kazi, na kosa lake halitajwi kamwe.

Msidhani huyu ni Kafka peke yake. Mshairi T. S. Eliot alifanya kazi katika benki ya Lloyds, London, kuanzia 1917 hadi 1925. Shairi lake refu la 1922, The Waste Land, lenye mistari 434, lina umati unaovuka daraja la London asubuhi, kila mtu ameyakaza macho mbele ya miguu yake, na kengele ya kanisa inagonga saa tatu, saa ya kuingia ofisini. Mbele kidogo kuna mwanamke mpigataipu anayerudi nyumbani jioni. Kijana karani anamtembelea, wanalala pamoja bila hamu wala chuki, kijana anaondoka. Mwanamke yule analainisha nywele kwa mkono unaojiendea wenyewe, kisha anaweka sahani ya santuri. Hata mapenzi yameshika mwendo wa mashine.

Ndugu zangu, tukiishia hapo, yule mwanafunzi wa mtihani atakuwa ameshinda. Amekata tamaa, ametengwa, basi. Lakini nimesema tunatafuta kile kinachobaki. Naomba tukae hapa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Mtu wa pili ni Leopold Bloom, wa Dublin. Riwaya ya James Joyce, Ulysses, iliyochapishwa Paris tarehe 2 Februari 1922, ina sura 18 na inasimulia siku moja tu, tarehe 16 Juni 1904. Bloom ana miaka 38. Kazi yake ni kulitafutia gazeti matangazo ya biashara. Ana asili ya Kiyahudi katika mji wa Wakatoliki. Mtoto wake wa kiume alifariki akiwa na siku 11. Na siku hiyo anajua kwamba mwanamume aitwaye Boylan atakwenda nyumbani kwake saa kumi alasiri kuonana na mke wake.

Mwandishi wa karne ya 19 angeliandikaje hilo? Msimulizi maizi, yule anayejua yote, angetuambia: Bloom alikuwa na uchungu mkubwa moyoni. Joyce haandiki sentensi hiyo. Katika sura ya sita Bloom yuko ndani ya gari la farasi pamoja na wenzake, wanakwenda mazikoni. Boylan anapita barabarani, wenzake wanamsalimu. Bloom anafanya nini? Anazitazama kucha za mkono wake wa kushoto, kisha za mkono wa kulia. Hakuna la zaidi. Na jioni, anapoitazama saa yake, anakuta imesimama saa kumi na nusu.

Mwanamodanisti anamjenga mhusika kwa kile ambacho akili yake inakikwepa. Sisi wasomaji tunahesabu mara ngapi Bloom amekaribia wazo fulani akageuka, na kwenye ule mgeuko ndipo tunapouona uchungu. Mwajiri wake anajua amepata matangazo mangapi. Dublin inajua dini ya wazee wake. Hakuna aliyepima ule mtazamo wa kucha.

Ufundi huu unafanywaje? Nitawapa mfano niliotunga kwa Kiswahili chetu, maana wengi wenu mnaandika. Chukueni mwanamke kituoni, anasubiri basi.

Namna ya kwanza: Mwanaisha alitazama saa. Alifikiri kwamba angechelewa tena na kwamba meneja angemkasirikia.

Namna ya pili: Mwanaisha alitazama saa. Angechelewa tena. Na yule meneja, na miwani yake ile! Kwani yeye hajawahi kukosa basi maishani?

Namna ya tatu: Mwanaisha alitazama saa. Nitachelewa tena. Miwani ile. La bluu, silo. Dawa ya mama, jamani, imebaki mezani.

Katika namna ya kwanza msimulizi amesimama mlangoni na kila wazo linapita kwa kibali chake: alifikiri kwamba, alihisi kwamba. Katika ya pili kibali kimeondolewa. Nafsi ya tatu imebaki, lakini hasira ni ya Mwanaisha, swali ni lake, maneno ni yake. Huo ndio usimulizi anaoutegemea sana Virginia Woolf. Katika ya tatu msimulizi ametoka kabisa. Nafsi imekuwa ya kwanza, sentensi zimekatwa, wazo linarukia wazo. Huyo ni Joyce katika sura za Bloom. Na tazameni jinsi Kiswahili kinavyorahisisha kazi: silabi moja tu mwanzoni mwa kitenzi, kutoka a- kwenda ni-, inamtoa msomaji barabarani na kumwingiza kichwani mwa mtu.

Sasa, waandishi wengi wanaoiga huharibu wapi? Huondoa nukta na mikato, wakadhani wameandika mkondo wa fahamu, yaani mawazo yanavyotiririka kichwani mwa mhusika. Husingizia sura ya mwisho ya Joyce, ile ya Molly, mke wa Bloom, yenye sentensi 8 tu kwa kurasa nyingi. Lakini jiulizeni: kwa nini Molly hana nukta na Bloom anazo? Kwa sababu Molly amelala kitandani usiku wa manane, mji umenyamaza, hakuna cha kumkatiza. Bloom yuko barabarani mchana. Duka linamkatiza, harufu inamkatiza, mtu anamwita. Uakifishaji unafuata hali ya mwili wa mhusika. Na kila mruko wa wazo la Bloom una kichochezi chake, kwamba ameona bango, amenusa figo inaungua, amesikia kengele. Ukitaka kuandika namna hii, kwanza andika pembeni orodha ya vichochezi: ameona nini, kimemkumbusha nini, amekwepa nini. Ndipo uandike ukurasa wenyewe. Bila orodha hiyo unachopata ni vurugu, na msomaji ana haki ya kukifunga kitabu.

Mtu wa tatu ni Septimus Warren Smith, naye ndiye anayeniuma kuliko wote.

Riwaya ya Virginia Woolf ya 1925, Mrs Dalloway, nayo ni siku moja, Jumatano ya Juni 1923, London. Clarissa Dalloway, mwanamke wa tabaka la juu aliyevuka miaka 50, anaandaa karamu. Septimus ni karani aliyerudi kutoka vitani. Rafiki yake Evans aliuawa Italia vita ilipokaribia kwisha, na Septimus alijipongeza kwa kuhisi kidogo sana. Sasa ile hali ya kutohisi imemgeukia, na Evans anamtokea bustanini. Clarissa na Septimus hawakutani hata mara moja. Kinachowaunganisha ni sauti ya Big Ben, ile saa kubwa ya mnara wa London. Saa inagonga, na simulizi inatoka kichwa kimoja kwenda kingine. Woolf aliwahi kukiita kitabu hiki kwa jina linalomaanisha saa zenyewe, kabla ya kulibadilisha.

Septimus anapelekwa kwa daktari bingwa, Sir William Bradshaw. Sikilizeni dawa anayotoa mheshimiwa huyu: kulala kitandani peke yake, bila marafiki, bila vitabu, bila barua, kwa miezi 6, hadi mtu aliyeingia na kilo 47 hivi atoke na kilo 76. Vita imemvunja mtu, na tiba yake ni mizani! Bradshaw anajua uzito wa Septimus, anajua cheo chake jeshini, anajua muda wa miadi. Jina la Evans halina pa kuandikwa katika fomu yake. Daktari wake mwingine anapopanda ngazi kumfikia, Septimus anajirusha dirishani.

Jioni hiyo Bradshaw anafika kwenye karamu ya Clarissa amechelewa, na mkewe anaeleza kwamba kuna kijana amejiua. Clarissa anaingia chumba cha pembeni, peke yake, na kwa dakika chache anamwelewa mtu ambaye hajawahi kumwona kuliko daktari alivyomwelewa. Woolf mwenyewe alieleza mwaka 1928 kwamba katika mpango wake wa kwanza Septimus hakuwepo, na Clarissa ndiye angekufa mwishoni mwa karamu. Alichofanya ni kumgawa mtu mmoja awe wawili, mmoja afe na mwingine aelewe. Je, kuna namna nzuri zaidi ya kusema kwamba nafsi haiishii kwenye ngozi ya mtu?

Niseme jambo hapa, na nalisema kwa uchungu. Vita ile ilipiganwa hapa kwetu pia, kuanzia 1914 hadi 1918, na wapagazi kwa maelfu walikufa kwa njaa, malaria na kuhara huku wamebeba mizigo ya majeshi ya Wazungu. Wapagazi nao walipimwa, kwa uzito wa mzigo na kwa kibaba cha unga. Katika riwaya nilizozitaja hayumo hata mmoja wao. Fasihi iliyojifunza kuingia kichwani mwa karani wa London haikuvuka bahari kuingia kichwani mwa mpagazi wa Afrika Mashariki. Tunapoisifu, tuiseme na hiyo.

Kuhusu mshairi Fernando Pessoa nitapita haraka, ingawa anastahili hotuba yake. Mreno huyu alizaliwa Lisbon 1888, akalelewa Durban, Afrika Kusini, kuanzia 1896 hadi 1905, kwa kuwa baba yake wa kambo alikuwa balozi mdogo huko. Maisha yake yote ya utu uzima alijipatia riziki kwa kuandika barua za biashara za makampuni ya Lisbon kwa Kiingereza na Kifaransa. Alipofariki 1935 aliacha sanduku lenye karatasi zaidi ya 25,000. Ndani yake walikuwamo washairi kadhaa aliowabuni, kila mmoja na jina, kazi na mtindo wake: Alberto Caeiro wa mashambani, daktari Ricardo Reis, mhandisi wa meli Álvaro de Campos. Haya hayakuwa majina ya kujificha, kwa sababu washairi hao walipingana. Na mmoja wa wahusika wake, Bernardo Soares, ni msaidizi wa mtunza hesabu ambaye kitabu chake kilitoka 1982. Ofisi ilitaka mtu mmoja, sahihi moja, kiti kimoja. Pessoa aliipa hiyo sahihi moja mchana, na usiku akawa wengi.

Na sisi tunaosoma Kiswahili? Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Kichwamaji, na mwaka huo huo diwani ya Kichomi, iliyowaudhi wengi kwa kuacha vina na mizani. Wengi husema aliiga Wazungu, hasa wadhanaishi, wale waliosema maisha hayana maana ila ile anayoijenga mtu mwenyewe. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko ndani ya kitabu. Bloom na Septimus ni wapweke katikati ya wageni. Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji na msomi wa chuo kikuu, ni mpweke katikati ya ndugu zake. Wanamfahamu tangu utotoni, wanamsalimu, wanamtarajia. Kipimo chake si saa ya ofisi, ni elimu. Amesoma kiasi gani, atarudisha nini nyumbani, ataoa lini. Anajisimulia kwa nafsi ya kwanza, na anaishia kujiua. Upweke wa mtu aliyezungukwa na shangazi, wajomba na majirani haukuwa kwa Kafka wala kwa Woolf. Kezilahabi aliuona kwa macho yake, na baadaye, katika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, akavunja hata mfuatano wa matukio ili apate pa kuuweka.

Kabla ya maswali, niseme mnavyoweza kuanza, maana wengi huanza vibaya wakaacha. Anzeni na hadithi ya Gregor. Inasomeka jioni moja. Pigeni mstari kila saa inapotajwa. Kisha someni riwaya ya Clarissa mkiwa na penseli, na kila Big Ben inapogonga andikeni pembeni jina la yule ambaye sasa mko kichwani mwake. Kurasa 30 za kwanza zitasumbua, lakini baadaye jicho litazoea. Joyce msimwanzie sura ya kwanza. Mwanzieni sura ya nne, Bloom anapoandaa kifungua kinywa, nendeni hadi mazikoni sura ya sita, kisha mrudi mwanzo. Mkikwama, someni kwa sauti. Na Kichwamaji kisomeni upya hata kama mlikwishakisoma shuleni, safari hii bila kutafuta dhamira za kujibia mtihani.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nadhani kuna mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Tuanze na dada aliye karibu na dirisha.